Ini bandia na msururu wa marejeleo: kunukuliwa sana kunathibitisha nini?

Msomaji yeyote wa makala za kitafiti kuhusu ini bandia hukutana mapema na sentensi ya aina moja: kwamba vifaa vya kulisaidia ini lililoshindwa kazi vimeonyesha matumaini, na mwishoni mwa sentensi hiyo kuna mabano yenye nambari nne, tano au zaidi. Nambari hizo ni marejeleo, yaani makala zilizotangulia ambazo mwandishi anadai zinamuunga mkono. Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno anayeandaa mapitio ya machapisho huzihamishia katika tasnifu yake. Daktari huzitegemea anapoishauri familia, na familia yenyewe, inayochangisha fedha katika mitaa ya Kisumu kama Kondele au Nyalenda ili mgonjwa wao apelekwe India, hutumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp na jamaa aliye ng'ambo, kikiandamana na maneno "utafiti umethibitisha". Wachache sana kati ya hao wote huifungua nambari moja moja kuona kilichomo. Makala hii inazifungua baadhi, kwa sababu katika uwanja huu kilichomo na kinachodaiwa hupishana mara nyingi, na kupishana huko kuna sababu zinazoweza kuelezwa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Wakazi wa Kisumu wanaijua mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na wengi wana ndugu au jirani aliyewahi kwenda kuunganishwa nayo katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Ni rahisi kudhani kwamba ini nalo lingesaidiwa vivyo hivyo. Kikwazo ni kwamba ini halichuji tu. Hutengeneza albumini, protini inayobeba vitu mbalimbali ndani ya damu, na protini za kugandisha damu, hugeuza amonia kuwa urea, hutoa bilirubini (takataka ya rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa) kupitia nyongo, huweka akiba ya sukari na huvunjavunja dawa. Isitoshe, sumu nyingi zinazorundikana ini linaposhindwa haziyeyuki vizuri katika maji bali hushikamana na albumini, kwa hiyo mashine ya kawaida ya figo haiwezi kuzitoa ipasavyo.

Watafiti wamelijibu tatizo hili kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza haitumii seli hai. Mfano wake unaojulikana zaidi ni MARS, kifaa kilichobuniwa mjini Rostock, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Jan Stange, Steffen Mitzner na wenzao. Damu ya mgonjwa hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili hupita maji yenye albumini nyingi. Sumu huiacha albumini ya mgonjwa, huvuka utando na kushikwa na albumini ya kifaa, ambayo nayo husafishwa kwa kupitishwa kwenye mkaa na resini kisha ikarudishwa kazini. Kifaa kingine cha kundi hili ni Prometheus. Njia ya pili huweka seli za ini ndani ya kifaa ili zifanye hata zile kazi za kuunda: HepatAssist ilitumia seli za nguruwe, na ELAD ilitumia seli zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini la binadamu. Kando ya hizo ipo mbinu kongwe isiyo na mvuto wa uvumbuzi, ambayo ni kuitoa plazma ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, na kumpa ya wachangiaji damu.

Historia ya uwanja huu ilianza kujirudia mapema. Katika miaka ya 1970 madaktari wa King's College mjini London walipitisha damu ya wagonjwa kwenye mkaa moja kwa moja, na taarifa za mwanzo zilitia moyo. Mwaka 1988 kikundi hichohicho, O'Grady akiwa mwandishi wa kwanza, kilichapisha majaribio yenye ulinganishi yaliyohusisha wagonjwa 137, na hayakuonyesha kwamba mkaa uliongeza idadi ya waliopona. Sehemu ya nafuu iliyoonekana mwanzoni ilikuwa imeletwa na uangalizi bora wa wagonjwa mahututi. Inafaa kuikumbuka hatua hiyo, kwa maana mfuatano wa taarifa ndogo yenye matumaini, marejeleo mengi, kisha jaribio kubwa linalovunja moyo ulikuja kutokea tena kwa MARS, kwa Prometheus na kwa ELAD.

Ili kuona jinsi marejeleo yanavyoingia katika mfuatano huo, ni lazima kujua yanavyohesabiwa. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science iundwe faharasa itakayoonyesha, kwa kila makala, ni makala zipi za baadaye zilizoitaja, na katika miaka ya 1960 taasisi yake mjini Philadelphia ikaanza kuichapisha. Kinachosahaulika ni kwamba lengo mojawapo alilolitaja lilikuwa kumwezesha mtafiti makini kufahamu ukosoaji uliotolewa dhidi ya makala ya zamani, ili data iliyopitwa na wakati au yenye kasoro isiendelee kunukuliwa kiholela. Chombo kilichokusudiwa kufichua ukosoaji kikageuka kuwa mizani ya kupimia heshima: idadi ya nukuu ikawa kipimo cha ubora wa makala, wa jarida, na hatimaye wa mtu anayeomba kupandishwa cheo chuoni. Rejeleo linalosema "hawa walikosea" na lile linalosema "hawa walipatia" huhesabiwa sawa, moja kwa moja.

Hesabu hiyo huzaa nyingine. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1968 kuhusu jinsi sifa inavyomwendea mwanasayansi aliyekwisha kuwa nayo, akaipa hali hiyo jina kutoka Injili ya Mathayo, na Derek de Solla Price akaionyesha kihesabu mwaka 1976 kwa makala zenyewe. Jambo hili halina ugeni kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye steji ya Kisumu akienda Kakamega au Busia: abiria huingia matatu iliyokaribia kujaa kwa kuwa ndiyo itakayoondoka kwanza, na kwa kuingia humo anaifanya ijae upesi zaidi, huku ya jirani, yenye dereva mtaratibu na magurudumu mapya, ikibaki tupu. Makanga wanaijua tabia hii, ndiyo maana baadhi yao huweka vijana viti vya mbele wajifanye abiria. Katika utafiti vijana hao ni nukuu ambazo waandishi hujipa wenyewe. Si kila nukuu ya namna hiyo ni hila. Katika teknolojia iliyobuniwa na kikundi kimoja, miaka ya mwanzo hakuna mwingine wa kunukuliwa. Stange na Mitzner wangewanukuu kina nani, kama si wenyewe? Lakini mtafiti wa nje anayefika baadaye huona viti vilivyojaa na hana njia rahisi ya kujua abiria wa kweli ni wangapi.

Sasa tufungue makala mbili ambazo msomaji wa fasihi ya MARS hawezi kuzikosa. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Liver Transplantation na Mitzner na wenzake. Ilihusu wagonjwa 13 ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kwa sababu ya ini lililoharibika, 8 wakipewa MARS na 5 wakitibiwa kwa njia ya kawaida. Kufikia siku ya 7 wote 5 wa ulinganishi walikuwa wamefariki. Kati ya 8 wa MARS, 3 walikuwa hai siku hiyo, na siku ya 30 walikuwa wamebaki 2. Ni kweli kwamba kundi la MARS liliishi muda mrefu zaidi, na waandishi hawakuficha idadi yao. Hata hivyo, kila mahali makala hiyo inapotumiwa kuunga mkono dai kwamba kifaa kinaokoa maisha, dai hilo linasimama juu ya watu wawili waliofika siku ya 30. "Mwalimu, makala imenukuliwa namna hii, mimi ni nani niiache?" mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniuliza tulipoisoma pamoja. Hakuhitaji kuiacha. Alihitaji kuandika wagonjwa walikuwa wangapi na walikuwa na ugonjwa gani, maneno yasiyozidi mstari mmoja.

Ya pili ni ya Heemann na wenzake, iliyotoka katika jarida la Hepatology mwaka 2002. Ilikuwa na wagonjwa 24 wenye sirosisi (ini lililojaa makovu) ambao ini lao lilikuwa limezidiwa ghafla. Kipimo kikuu cha jaribio hilo kilikuwa kushuka kwa bilirubini na kubaki chini kwa siku tatu mfululizo. Kuishi hadi siku ya 30 kulikuwa kipimo cha pili. Katika kipimo hicho cha pili walionusurika walikuwa 11 kati ya 12 upande wa MARS, na 6 kati ya 11 waliohesabiwa upande wa ulinganishi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa macho, lakini wagonjwa wawili au watatu wakihama upande mmoja kwenda mwingine inayeyuka. Jaribio lililoundwa kupima bilirubini lilisafiri katika marejeleo kama jaribio la uhai, na hapo kuna mteremko ambao nadhani ndio hatari kuliko yote katika fasihi hii. Hakuna anayebisha kwamba vifaa hivi hupunguza bilirubini. Jaribio la Hassanein la mwaka 2007, lenye wagonjwa 70, lilionyesha pia kwamba MARS huharakisha kupungua kwa mkanganyiko wa akili unaoletwa na ini kushindwa, na kwa msingi wa aina hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu matumizi hayo mwaka 2012, baada ya kukiruhusu kifaa kwa baadhi ya hali za sumu na dawa zilizozidi mwaka 2005. Mgonjwa kuzinduka na mgonjwa kupona ni mambo mawili, na rejeleo la jambo la kwanza huwekwa kwa urahisi mno mwishoni mwa sentensi inayodai la pili.

Majaribio makubwa yalifika baadaye. Mwaka 2012 jaribio la HELIOS la kifaa cha Prometheus, lenye wagonjwa 145, lilichapishwa katika Gastroenterology: siku ya 28 walikuwa hai asilimia 66 ya waliounganishwa na kifaa, na asilimia 63 ya wasiounganishwa. Mwaka 2013 likafuata jaribio la RELIEF la MARS, lenye wagonjwa 189 katika vituo vya Ulaya, katika Hepatology, jarida lilelile lililochapisha makala ya Heemann: asilimia 60.7 dhidi ya 58.9. Kwa maneno ya kawaida, tofauti haikuonekana. Tazama sasa miaka. Makala ya Heemann ilikuwa na takriban miaka 11 ya kukusanya nukuu kabla RELIEF haijachapishwa, na ile ya Mitzner ilikuwa na miaka 13. Katika muda huo zilikuwa zimeingia katika mapitio, katika vitabu vya kiada, katika maombi ya fedha za utafiti, na kutoka humo katika mapitio mengine yaliyoandikwa na watu waliosoma mapitio ya kwanza tu. Jaribio jipya haliwezi kuzifuta nukuu zilizokwisha kuandikwa. Msomaji anayepanga matokeo ya utafutaji kwa idadi ya nukuu anapanga, kwa kiasi kikubwa, kwa umri.

Zipo nukuu ambazo si za uongo hata kidogo, ila zimechagua nusu ya makala. Jaribio la HepatAssist, lililoongozwa na Demetriou na kuchapishwa katika Annals of Surgery mwaka 2004, lilikuwa na wagonjwa 171. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, waliokuwa hai siku ya 30 walikuwa asilimia 71 kwa kifaa na asilimia 62 bila kifaa, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kutokea kwa bahati. Lakini waandishi walipowatazama peke yao wale ambao ini lao lilishindwa ghafla bila ugonjwa wa awali, na kurekebisha hesabu kwa mambo mengine yaliyoathiri matokeo, hatari ya kufa ilionekana kupungua kwa asilimia 44, kiwango kilichovuka mpaka wa kitakwimu kwa nywele. Basi makala moja ina majibu mawili. Mwenye shaka huinukuu akisema kifaa hakikuongeza uhai. Mwenye matumaini huinukuu akisema kilipunguza vifo. Na wote wawili wanaweka nambari ileile katika mabano.

Jibu la kundi dogo si kitu cha kudharau, mradi lichukuliwe kama swali la jaribio linalofuata. ELAD inaonyesha hatua hiyo ikichukuliwa kwa uaminifu. Jaribio lake la wagonjwa 203 wenye ini lililoumizwa vikali na pombe halikuonyesha faida kwa jumla, jambo lililotangazwa mwaka 2015, lakini wagonjwa waliokuwa na hali isiyo mbaya sana walielekea kunufaika. Kampuni ikaanzisha jaribio jingine kwa wagonjwa wa namna hiyo hasa. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba nalo halikuongeza uhai, na kazi ya ELAD ikasitishwa. Angalia pia utaratibu wa taarifa. Matokeo ya 2015 yalijulikana kwanza kwa tangazo la kampuni, na makala kamili ikachapishwa mwaka 2018. Tangazo la kampuni halimo katika faharasa za marejeleo. Kwa miaka hiyo mitatu, mtu aliyetafuta ELAD katika hifadhidata za makala alikutana na taarifa za matumaini za miaka ya 1990, na ilimbidi atoke nje ya hifadhidata hizo ili ajue yaliyotokea.

Uchanganuzi wa pamoja, ambao hukusanya majaribio mengi na kuyapima kama moja, unatarajiwa kututoa katika utata huu, na mara nyingi hututoa. Lakini nao una tarehe. Ule wa Kjaergard na wenzake, uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2003, ulikusanya majaribio 12 yenye wagonjwa 483. Kwa ujumla haukuona athari ya uhakika kwa vifo. Katika wale waliokuwa na ugonjwa sugu wa ini uliochafuka ghafla, hata hivyo, vifo vilionekana kupungua kwa asilimia 33. Waandishi waliomba tahadhari kwa kuwa majaribio yalikuwa madogo. HELIOS na RELIEF zilikwenda kwa wagonjwa wa kundi hilohilo, zikiwa na idadi kubwa zaidi, zikarudi mikono mitupu. Kuitaja asilimia 33 ya mwaka 2003 leo bila kutaja majaribio hayo mawili kwa pumzi hiyohiyo ni kosa, hata kama kila tarakimu imenakiliwa sawasawa.

Upotoshaji haukimbilii upande wa matumaini peke yake. Jaribio la Ufaransa la Saliba na wenzake, lililotoka mwaka 2013 katika Annals of Internal Medicine, liliwapa MARS wagonjwa wanaosubiri upandikizaji baada ya ini kushindwa ghafla. Kati ya 102, walionusurika miezi 6 walikuwa asilimia 84.9 kwa MARS na 75.5 bila MARS, tofauti isiyofikia kiwango cha kitakwimu. Wakosoaji huliweka katika orodha ya majaribio yaliyoshindwa. Ukilisoma ndani, unakuta kwamba theluthi mbili hivi za wagonjwa walipandikizwa ini jipya, na muda wa kati wa kusubiri ulikuwa saa 16 tu na ushei. Wengi walipata ini kabla kifaa hakijapata nafasi ya kuonyesha lolote. Jaribio hilo halikusema kifaa hakifai. Lilikosa nafasi ya kusema. Kwa msomaji wa Kenya, ambako mgonjwa wa namna hiyo hana ini linalomsubiri baada ya saa 16, matokeo hayo yanahusu ulimwengu mwingine kabisa.

Kwamba haya si maradhi ya uwanja wa ini pekee kunaonekana katika tafiti za nukuu zenyewe. Mwaka 2011 Robinson na Goodman walichunguza ripoti 1523 za majaribio ya kitabibu, wakaona kwamba kwa kawaida kila ripoti ilitaja chini ya robo ya majaribio yaliyoitangulia kuhusu swali lilelile, na kwamba idadi ya kati ya majaribio yaliyotajwa ilibaki 2 hata pale yaliyokuwapo yalipozidi kuwa mengi. Kisa kilichopata kujulikana zaidi ni cha barua ya sentensi 5 iliyochapishwa mwaka 1980 katika New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa wa hospitalini waliopewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walihesabu makala 608 zilizoinukuu, asilimia 72.2 ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na nyingi hazikumkumbusha msomaji kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa wodini. Marekani ililipa gharama kubwa kwa dhana hiyo. Sidai kwamba ini bandia limeleta maafa ya kiwango hicho. Njia ya kupotea ndiyo ileile: sharti linaloambatana na matokeo hudondoka njiani, na matokeo yanaendelea na safari peke yake.

Ni masharti gani hasa yanayodondoka ini bandia linapofika kwetu? La kwanza ni chanzo cha ugonjwa. Uingereza na Marekani, chanzo kikuu cha ini kushindwa ghafla ni parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi, na ini lililoumizwa na parasetamoli lina uwezo mzuri wa kujirudia likivushwa siku chache za hatari. Majaribio ya Ulaya ya ugonjwa sugu uliochafuka yalikuwa na wagonjwa wengi wa pombe. Magharibi mwa Kenya, daktari ana sababu ya kufikiria kwanza homa ya ini aina ya B, hasa kwa watu wazima waliozaliwa kabla chanjo yake haijaingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2001, na dawa za kifua kikuu, na mitishamba isiyojulikana vipimo. Hata mahindi yana historia: mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi ya eneo la mashariki mwa nchi iliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa, ini likiwa limeshindwa. Wagonjwa hao hawamo katika majaribio ya vifaa. Wamo katika ripoti za afya ya umma, na ripoti hizo huishi katika mtandao mwingine wa nukuu ambao waandishi wa makala za vifaa hawana sababu ya kuupitia.

China na Japani zina uzoefu mrefu wa kubadilisha plazma kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya B, hali iliyo karibu zaidi na yetu kuliko ya parasetamoli ya London. Sehemu kubwa ya uzoefu huo iliandikwa kwa Kichina na Kijapani, kwa hiyo haimfikii anayetafuta kwa Kiingereza peke yake. Kisha kuna ukuta wa malipo. Mwanafunzi asiye na nywila ya maktaba husoma muhtasari tu, na muhtasari ndipo mahali ambapo kundi dogo lenye matokeo mazuri hupewa sentensi ya mwisho. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hufungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini, na maktaba za vyuo zina watu ambao kazi yao ni kuonyesha namna ya kuutumia; naona wanaulizwa mara chache mno.

Inashangaza kidogo kwamba matokeo yenye nguvu zaidi katika uwanja huu wote yametoka kwa ile mbinu kongwe. Larsen na wenzake, katika Journal of Hepatology mwaka 2016, walieleza wagonjwa 182 wa ini lililoshindwa ghafla, waliokusanywa kwa zaidi ya miaka kumi katika vituo vitatu vya Ulaya. Waliobadilishiwa plazma nyingi kwa siku tatu walitoka hospitalini wakiwa hai kwa asilimia 58.7, dhidi ya 47.8 ya wengine. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya wa mwaka uliofuata uliitaja. Kubadilisha plazma hakuhitaji kifaa chenye jina. Kunahitaji mashine ya kutenganisha plazma, wauguzi wenye ujuzi, na plazma nyingi ya wachangiaji, na hiyo ya mwisho ndiyo ambayo benki yoyote ya damu nchini ingeanza kuuliza itatoka wapi. Mtu akihesabu nukuu chini ya neno "ini bandia" anaweza kuipita makala hiyo, kwa maana jina la kifaa halimo.

Kwa anayetaka kuukagua msururu mwenyewe, kazi haihitaji programu ya gharama. Chukua sentensi moja yenye madai makubwa na uandike makala zake zote za mabanoni kwenye karatasi. Pembeni mwa kila moja weka ugonjwa gani, wagonjwa wangapi, kipimo kikuu kilikuwa nini, na mwaka. Kisha nenda mbele badala ya nyuma: Google Scholar huonyesha, chini ya kila makala, ni zipi zilizoinukuu baadaye, na humo utafute jaribio kubwa kuliko ile uliyoanza nayo. Mwisho, pitia sajili ya ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa mwaka 2000, uone ni jaribio lipi lilisajiliwa na halikuchapishwa. Ukifanya hivi kwa sentensi tatu tu utaona mapengo yalipo, na kwa uzoefu wangu pengo la kipimo kikuu ndilo hujitokeza kwanza.

Makala ya kufanyia zoezi hilo ipo. Mwaka 2023 Journal of Hepatology ilichapisha jaribio la DIALIVE, kifaa kipya kinachoondoa albumini iliyoharibika na sumu za bakteria katika damu na kuweka albumini safi. Lilikuwa na wagonjwa 32 wenye sirosisi ya pombe iliyochafuka, na lengo lake kuu lilikuwa usalama. Hali ya waliounganishwa ilitulia mapema zaidi. Tofauti ya uhakika ya vifo haikuonekana. Anayeinukuu ipasavyo ataandika kwamba katika wagonjwa 32 wenye ugonjwa wa pombe kifaa kilivumilika na hali ikatulia mapema, na kwamba jaribio halikuundwa kupima vifo. Ataandika hivyo hata kama makala tano zilizomtangulia zimelifupisha kuwa maneno matatu na nambari.